Vinywa Viwili vya Kahindi

Kahindi, mwandishi wa redio yetu ndogo hapa kisiwani, alikuwa na sheria yake: habari ya kifo haisomwi mpaka vinywa viwili viithibitishe. Alitukaririsha sote, hata mimi Dama niliyekaa naye meza moja miaka tisa, mpaka ikatuchosha. Ukimwambia umesikia jambo, atakuuliza cha pili ki wapi.

Basi Mei, mvua za masika zimeshika, mtu akazama kivukoni Feri. Kahindi akakimbia huko, akanipigia simu: marehemu ni Haroun Yeslam wa Kibokoni. Mchuuzi wa korosho kamwambia, na askari kamwambia. Nikamuuliza kama jamaa zake wamepashwa habari. Akasema tukingoja jamaa, stesheni nyingine zitatutangulia. Nami, Mungu anisamehe, nikamruhusu aitangaze hewani kwa simu saa saba mchana.

Vinywa viwili gani, jamani! Mchuuzi aliambiwa na askari yule yule, na askari alisoma kitambulisho kilicholowa mfukoni mwa koti la mvua. Koti kweli la Haroun, lakini asubuhi ile alikuwa amemwazima Ngowa, mwenzake wa kazi kule bandarini Mbaraki, na aliyezama ni Ngowa. Haroun mwenyewe alikuwa akishusha magunia, simu kaifungia kabatini.

Mamake, Bi Alawiya, mgonjwa wa presha, alikuwa jikoni na redio yake. Haroun aliporudi jioni alikuta viatu vimejaa mlangoni, watu wamekuja kumlilia yeye. Ndani wanawake walikuwa wakimuosha mamake.

Ofisini Kahindi akashikilia kwamba tulifuata utaratibu. Utaratibu! Siku ile nilimchukia, nikajichukia na mimi. Tukipatia tunajiita macho ya umma, tukiua, utaratibu.

Siku ya tatu Haroun akaja. Nilidhani amekuja kwa shari, kumbe ameleta karatasi. Kahindi akaanza kuomba radhi, Haroun akamkatiza.

"Ni tangazo la hitima ya mama," akasema. "Na chini nimemwandika Ngowa, maana nyinyi hamjamtaja. Kinywa ni kimoja tu, changu. Kitakutosha?"

Kahindi akaichukua karatasi, akaingia studio, taa nyekundu ikawaka. Nami nilikuwa nimemfuata; akanisukumia karatasi. Nikamwondoa kitini nikasoma mimi, jina la Bi Alawiya kwanza, kisha la Ngowa. Kupitia kioo nilimwona Haroun amesimama, akisikiliza kila neno, asije mtu akakosea tena.