Jiko katika Chumba cha Aurica

Zaharia Burlacu alikuwa fundi wa kujenga majiko ya matofali ya kupashia nyumba joto, na ndiye huyo huyo aliyeyabomoa. Bomba la gesi kutoka mashariki lilipofika kijijini kwetu, hapa Moldova, kila nyumba ilitaka kuonekana imeendelea. Jiko likawa aibu ya washamba. Watu waliokuwa wakimbembeleza Zaharia aje na mwiko wake wakaanza kumbembeleza aje na nyundo. Mwaka ule alivunja majiko sitini na mawili, mengine ya mkono wake, mengine ya marehemu baba yake, na pesa aliyopata ilikuwa nzuri kuliko ya kujenga.

La kwanza kabisa lilikuwa la nyumbani kwake. Lilikuwa jiko pana lenye kitanda cha udongo juu yake, na mkewe Frosina alikilalia kila majira ya baridi tangu aje pale kama bibi harusi. Zaharia alilivunja pamoja na dohani yake ya kutolea moshi mpaka juu, akaziba tundu la paa kwa bati. Frosina alichukua ufagio akafagia vumbi.

Kwa miaka kumi na mitano gesi iliwaka, na sisi tukasahau shoka limewekwa wapi. Halafu wenye gesi wakakunja uso. Bei ikapanda, ikapanda tena, mpaka hesabu ya mwezi mmoja ikawa inameza pensheni ya mtu na mkewe. Wakubwa wa mji mkuu walisema haya ni mageuzi, tutanunua gesi kwingine, tujikaze kidogo. Wao wanajikazia wapi sijui, mimi nimewaona kwenye televisheni tu, wakiwa wamevaa shati jepesi.

Basi foleni ikarudi mlangoni kwa Zaharia, naye amefika miaka sabini na mitatu na mgongo haupindi vizuri.

"Babu Zaharia, si ulituambia jiko limepitwa na wakati?" jirani mmoja alimchokoza.

"Mimi? Mimi nilishika nyundo tu, mwanangu. Mdomo ulikuwa wenu."

Alijenga kwa wenye watoto wachanga kwanza. Kila jioni alirudi kwake na kumkuta Frosina jikoni, amevaa makoti mawili, anasonga ugali wa mahindi ya njano huku anakohoa. Mwaka uliopita kifua kilimlaza hospitali wiki tatu, na daktari alimvuta Zaharia pembeni akamwambia wazi: baridi nyingine kama ile, mama huyu hatoki. Zaharia hakuwahi kumwambia mkewe maneno hayo. Aliyabeba peke yake, akapunguza usingizi na kuongeza sigara.

Kujenga angejenga hata kesho, lakini wapi? Msingi wa dohani ya jikoni ulikwisha kung'olewa. Dohani iliyobaki nyumba nzima ilikuwa ya chumba cha heshima, na chumba cha heshima kwetu hakilaliwi. Frosina alikuwa amekijaza mali aliyomwekea binti yao wa pekee, Aurica, kwa siku atakapoolewa: mazulia kumi na moja aliyoyafuma mwenyewe, mito iliyopangwa mpaka darini, taulo za maua. Aurica alikwenda Italia kutunza wazee wa watu akiwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa alikuwa na arobaini na mmoja. Kila Jumamosi mama yake alikung'uta mito ile.

"Mama Aurica, nijenge mle," Zaharia alisema.

"Chumba cha mtoto hakiguswi."

"Mtoto ana mvi!"

"Na wewe una kichaa. Kula ugali wako."

Alijaribu mara tatu, akafukuzwa mara tatu. Mwezi wa Novemba barafu ikaanza kutanda kwenye ndoo uani. Siku moja asubuhi alimwona Frosina ameshikilia meza kwa mikono miwili, anatafuta pumzi, na Zaharia akakaa kwenye kigoda.

"Jiko lako nililibomoa la kwanza makusudi," alisema. "Halikuwa na kasoro yoyote. Nilitaka watu walione limelala chini, waniite kazini. Nilikuuza kwa sababu ya kazi, Frosina. Nisamehe."

Frosina alingoja mpaka pumzi ikarudi.

"Nilijua siku ile ile. Nimekaa miaka kumi na sita nakungoja useme, mzee mwenye kiburi wewe."

Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kisha akaenda chumba cha heshima, akapanda kiti, akashusha mto wa juu kabisa. Zaharia akamshika miguu asianguke, na walifanya kazi hiyo mpaka mchana.

Alijenga kwa siku tisa. Hajawahi kujenga jiko zuri kama lile, na nasema hivyo nikiwa nimeyaona mengi. Siku ya kumi Frosina alilala juu yake, akaamka saa tatu asubuhi kama malkia, bila kikohozi.

Ilibaki simu ya Jumapili. Baada ya kanisa Aurica alipiga, na Frosina akakishika chombo kile kama mtu anayekwenda kukiri dhambi.

"Mwanangu, tumeipangua ile mito yako. Tumehamia chumbani kwako, mimi na baba yako. Tumelala kwenye vitu vya harusi yako."

Upande wa pili kikasikika kilio.

"Usilie, mwanangu, tutakupangia upya..."

"Silii kwa ajili hiyo! Mama, mimi nina mume. Mwaka wa sita huu. Anaitwa Renzo, anaendesha basi. Kila nikitaka kukwambia nakiona kile chumba, nakuona unakung'uta mito, nashindwa. Nilisema nitakuua."

Zaharia alisogea, tayari kumdaka mkewe. Lakini Frosina alisimama wima. Machozi yalimshuka waziwazi: miaka sita binti yake ana furaha, na yeye mama bado anamwombea mume kanisani.

"Yupo hapo?" aliuliza.

"Yupo."

"Mpe simu."

"Mama, hajui hata neno moja la lugha yetu."

"Joto analijua? Basi mpe."

Sauti nene ya mwanaume ikaita kwa woga upande wa pili. Frosina akapanda juu ya jiko, akakaa vizuri, akaanza kumweleza mkwewe polepole, neno kwa neno, kwamba juu pale panatosha watu wanne.