Kasi ya Viboko wa Magdalena

Mwalimu Nubia Arroyave hakuwa na simile. Aliyepiga miayo katika somo lake la hesabu alirushiwa chaki usoni. Kijiji kizima kando ya mto Magdalena kilimwogopa, isipokuwa mdogo wake Fermín, mvuvi, aliyefuga ndama wa kiboko uani kwao. Walimwita Panchita. Nubia naye alimnywesha maziwa kwa chupa, akimtukana huku anamkuna shingo.

Viboko waliletwa kutoka ng'ambo na tajiri mmoja wa dawa za kulevya. Yeye aliuawa, wao wakabaki mtoni wakizaana. Wanakijiji waliwapenda kama mbuzi wao, na serikali ilipotuma wawindaji wa kuwaua, waliwatimua wawindaji hao kwa mawe hadi mmoja akang'oka jino.

Nubia akawaita watu wazima shuleni. Akaandika ubaoni themanini mara e, ile namba ya hesabu za ukuaji, iliyopandishwa kwa kipeo cha sehemu ya kumi ya miaka.

"Hii ndiyo idadi yao. Tukitafuta kasi ya kuongezeka kwao, tunapata idadi ileile, mara sehemu ya kumi. Leo wako themanini, wanaongezeka wanane kwa mwaka. Wakifika mia nane, watakuwa themanini kwa mwaka. Kasi nayo inanenepa, mnanisikia?"

"Mwalimu, unawaonea wivu tu!" mtu akadakia. "Wenzako wanazaa!"

Wakaangua kicheko.

"Panchita ana kosa gani, dada?" Fermín akauliza.

"Ni jike, mpumbavu wewe! Atazaa, na wanawe watazaa. Mpeleke kwa wawindaji."

"Nipeleke mwanangu akachinjwe? Thubutu!"

Kesho yake asubuhi dume moja la kiboko lilipindua mtumbwi wa Fermín mbele ya macho ya Nubia. Likambana kiunoni, likamtikisa, likamtema. Wanaume walimvuta kwa miti hadi ukingoni. Chini ya mkanda palikuwa na nyama na mifupa tu. Nubia akakibeba kichwa chake mapajani, akilaani mto na kila aliyecheka jana.

"Dada," Fermín akanong'ona, "Panchita hajanywa."

Akakata roho.

Baada ya mazishi Nubia alichemsha maziwa, akayapoza, akaenda uani. Panchita akamjia mbio. Nubia alimnywesha chupa nzima bila kumharakisha, kisha akachukua bunduki ya marehemu, akamwekea mtutu nyuma ya sikio, akafyatua. Ndama akapiga kelele, Nubia akafyatua tena. Nubia alilia kwa sauti hadi majirani wote wakasikia, na hakujuta.