Alum na Kwaza Hafifu

Alum alikuwa amepata nafasi ya kwenda Afrika Kusini kusomea nyota pale baba yake, askari magereza wa Luzira, alipofariki. Nyumba ya kambini ilikuwa ya kazi, na kazi ilikufa na mwenyewe. Mama yake, Ayaa, hakuwa na pa kurudi: kijijini kwa mumewe, kule Lira, nyumba iliteketea wakati wa vita na mashemeji wakagawana shamba. Ilibaki njia moja tu, mtoto avae sare ya magereza ili nyumba isiwatoke. Alum, pamoja na shahada yake ya fizikia, akavaa.

Odera, Mkenya aliyemfundisha chuoni, hakumwacha. Alimtumia vipimo vya kwaza, yaani vitovu vya galaksi za mbali ambamo shimo jeusi kubwa hula gesi, na gesi hiyo hung'aa kabla ya kumezwa. Kwaza kali wengi walikwisha kuzichunguza. Odera alitaka zile hafifu, zinazoonekana kwa taabu, maana ndizo zingeeleza mashimo ya kawaida yalivyokua ulimwengu ukiwa bado mchanga.

Zamu ikiisha, Alum hukaa kitandani na kompyuta magotini, akipima kasi ya gesi ili ajue uzito wa shimo. Mara nyingi mwanga ulikuwa mdogo mno, asiambulie kitu. Nje askari wanapiga kwata. Nyuma ya ukuta jirani anagombana na mkewe. Na chumba chenyewe hakimpi mtu nafasi ya kugeuka.

Mwaka wa tatu, kwaza moja ikakubali kupimika. Shimo lake lilikuwa dogo kuliko walivyodhani, nalo lilikuwa likila kwa pupa. Odera alipiga simu akicheka.

"Jina lako litakuwa kwenye makala. Na nafasi ipo tena, Alum. Safari hii usikatae."

Ayaa alisikia. Kesho yake Alum alirudi kutoka lindoni akamkuta anafunga sahani kwa magazeti.

"Mama, unaenda wapi?"

"Lira. Nitajenga hata kibanda."

"Kwenye shamba la nani?"

Ayaa akavuta gazeti jingine. Alum akapiga magoti, akaanza kuzifungua sahani.

"Wacha!" Mama akamshika mkono. "Unafikiri mimi naona raha? Wewe umefungwa na hii nyumba, na mimi nimefungwa na wewe."

Alum akaendelea kufungua sahani kwa mkono wa pili. Walibaki pale sakafuni hadi sahani zote zikafunguliwa.

Alum aliikataa tena, nafasi ile akapewa mtu mwingine. Odera hakumlaumu, alimtumia fungu jingine la kwaza. Alum bado anazipima, na sare yake ya pili imeanza kupauka mabegani.