Tuta Dogo la Mwisho wa Mstari

Mjini Sumbawanga, Jumamosi saa kumi jioni, ukiishiwa chumvi vumilia tu mpaka saa kumi na moja. Mwenye duka atakuwa ameinamia redio, na ukigonga kaunta atakutolea macho kana kwamba umeingia kanisani na mbuzi. Saa hiyo ni ya Mwalimu Stefania anaposoma hadithi zake, na hakuna anayethubutu kuikatiza.

Stefania mwenyewe hakuutafuta umaarufu. Alizaliwa Kaoze, mtoto wa tano wa wakulima wa mahindi, akasomea ualimu, akafundisha Kiswahili miaka thelathini na mbili. Kumi kati ya hiyo aliimalizia Mtowisa, bondeni kule, kwenye joto la kuyeyusha chaki. Vitabu vilikuwa haba, kwa hiyo hadithi za kusoma darasani alizitunga mwenyewe mbele ya watoto, na ole wake mwanafunzi aliyesinzia. Mumewe, Fransisko, mwalimu mwenzake, alifariki miaka tisa iliyopita. Alipostaafu alipanda kurudi mjini, akaazimia kufuma masweta kwa ajili ya baridi ya huku juu. Sweta la kwanza lilitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Akaweka sindano pembeni, akanunua kaunta buku, akaanza kuziandika hadithi zake.

Jastin, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake na sasa ni mtangazaji wa redio moja ya hapo mjini, ndiye aliyemshawishi azisome hewani. Tangu hapo sokoni akinunua nyanya anaongezewa, na kwenye harusi anakalishwa mbele hata kama bwana harusi hamjui.

Mwaka huu hadithi yake ilimhusu Rhoda, mwandishi wa kike wa miaka ya hamsini, ambaye maandishi yake yalisomwa kila misheni ya Ufipa, lakini hakuna aliyejua alimpenda nani. Rhoda hakuwahi kuwepo. Stefania alimtunga kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kalamu ya wino, kisha akamtungia mpenzi wa siri, mkulima mmoja mkimya. Wasikilizaji walishika vichwa. Kila Jumamosi Rhoda alikaribia kufumaniwa, na kila Jumamosi aliponea chupuchupu.

Sasa niseme wazi, maana mwenyewe aliuficha ukweli huu kwa kila mbinu: mwenye mpenzi wa siri alikuwa Stefania.

Aliitwa Alphonce, mgane wa miaka sitini na mitatu, mfupi, mpole, mwenye ng'ombe wanne na maneno machache. Misimu miwili nyuma alikuwa akipita karibu na shamba la Stefania, lile lililo chini ya milima ya Mbizi, kando kabisa ya barabara. Alikuta limejaa magugu, akasimama.

"Mama Monika," alisema, "shamba hili linakuaibisha."

"Baba Loth, mimi najua kulima ubaoni tu."

Kesho yake alikuja na jembe. Kesho kutwa akaja na jembe na chupa ya maziwa ya moto, akaketi jikoni kwa Stefania akaomba asomewe kile kilichoandikwa kwenye daftari. Alicheka mahali ambapo Stefania hakukusudia mtu acheke. Stefania alikasirika, akapasoma tena akiwa peke yake, akaona kweli panachekesha. Baada ya mwezi akagundua kwamba anaandika ili mtu huyo acheke. Alimpenda, na kumpenda kukamrudishia hamu ya kula, ya kuvaa vizuri, hata ya kuimba jikoni, ingawa sauti yake haikuwahi kumsaidia mtu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea, Alphonce aliweka kikombe chini.

"Nimechoka kupitia mlango wa uani kama mwizi wa kuku," alisema. "Nataka twende kwa Padre, tufunge ndoa, watu wajue."

Stefania aliona mji mzima mbele yake. Nusu yake alikuwa ameifundisha. Wanawake wa parokia walimchagua kuwa mwenyekiti wao. Na Monika, binti yake wa pekee, muuguzi kule Mtowisa, bado aliweka picha ya baba yake kwenye simu. Bibi wa miaka hamsini na nane kwenda madhabahuni na shela! Watamcheka mpaka mbavu ziume.

"Ngoja kwanza hadithi ya Rhoda iishe," alisema.

"Ikiisha utanijibu?"

"Nitakujibu."

"Haya. Nitasikiliza redioni kama watu wengine."

Tangu siku hiyo hakuja tena kusomewa. Shambani, hata hivyo, aliendelea kulima.

Katika kumficha Alphonce ndani ya hadithi, Stefania alifanya kazi ya kupongezwa. Alimrefusha mpaka akawa anainama milangoni. Alimpa ndevu. Ng'ombe aliwageuza kondoo, na kicheko chake akakifanya kikohozi. Alisahau kitu kimoja tu, naye ni Mfipa, mtoto wa wakulima, kwa hiyo hana pa kujitetea. Alisahau matuta.

Mkulima wa huku, mvua zikikolea, hukatua nyasi na udongo wake, akazifunika ndani ya tuta la mviringo liitwalo ntumba. Nyasi huoza humo mwaka mzima. Mvua za mwaka unaofuata matuta husambazwa, ulezi ukapandwa. Na kama vile Stefania angeweza kuokota karatasi isiyo na jina na kusema huu ni mwandiko wa fulani, ndivyo mkulima anavyotazama matuta akajua aliyeyapiga. Ya Alphonce yalijulikana zaidi ya yote. Kila mwisho wa mstari alipiga tuta moja dogo, akalipandia mbegu ya boga, kwa sababu, alivyosema, mwenye shamba akija kukagua asirudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo kuanzia Mbizi hadi ziwani.

Katika sehemu ya nne, mkulima wa Rhoda alipiga tuta dogo mwisho wa mstari, akalipandia boga.

Hapo Mwalimu wetu alijichongea mwenyewe, hewani, kwa sauti nzuri ya kusikika. Jumatatu yake kila aliyepita barabara ile alitupa jicho shambani kwake, akaona mistari kumi na moja na maboga kumi na moja yakichipua, akaenda zake akitabasamu. Stefania hakushtuka. Aliona tu wanawake wa parokia wakimsalimia kwa utamu usio wa kawaida. Na siku tatu kabla ya sehemu ya mwisho alimkuta jirani yake Rozina ameloweka debe mbili za ulezi, ulezi wa kuoteshwa kwa ajili ya pombe.

"Rozina, una sherehe?"

"Tunamwomba Mungu, Mwalimu," alijibu Rozina, akaingia ndani haraka.

Stefania alienda nyumbani kuandika mwisho. Aliuandika mara mbili. Katika wa kwanza Rhoda na mkulima walioana, akauficha chini ya godoro. Katika wa pili mkulima aliuacha uwanda wa juu, akateremka Kirando kuvua dagaa, na Rhoda akabaki na kalamu yake na heshima yake. Aliusoma huu wa pili akalia, kisha akajiambia kwamba ndio wenye adabu. Alphonce angesikia na kuelewa. Hangehitaji kumwambia usoni.

Jumamosi ilipofika Monika alikuwa amepanda basi la alfajiri kutoka bondeni, akafika mwekundu kwa matope, akamsindikiza mama yake studio. Stefania alitamani binti abaki nyumbani. Kusoma mwisho ule mbele ya binti yake kulikuwa kama kuungama mbele ya kwaya.

Alisoma. Mkulima akafunga mzigo. Akateremka mlima. Rhoda akasimama dirishani mpaka asimuone tena. Jastin alipangusa macho kwa mkono wa shati, akafungua simu za wasikilizaji.

Wa kwanza alikuwa muuza dagaa.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi wa Kirando, niko hapa sokoni. Huyo mkulima wako kule hatumtaki. Hata kasia hajui linashikwaje. Tafadhali mrudishe kwao."

Jastin alicheka. Stefania alijaribu. Simu ya pili ikaingia, na sauti aliitambua kabla haijajitaja.

"Mwalimu, ni mimi Rozina jirani yako. Debe mbili za ulezi nimeloweka na tayari umeota. Sasa niupeleke wapi?"

"Rozina, ulezi wako na Rhoda vinahusiana nini?"

"Rhoda yupi tena, Mwalimu? Sisi hapa tunamfuatilia Baba Loth!"

Jastin alijificha nyuma ya daftari.

"Tuta dogo lenye boga," Rozina aliendelea, sasa hana breki. "Shambani kwako yako kumi na moja, tumeyahesabu. Sehemu ya nne ilipoisha tu, tukasema haya, Mungu amemkumbuka Mwalimu wetu. Wanawake wote wa parokia wameshakubaliana nani atapika nini. Halafu leo unampeleka mzee wa watu akavue dagaa!"

Stefania alihisi masikio yanawaka. Aligeuka kumtazama Monika, akitarajia kumkuta ameinama kwa aibu. Monika alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Hata mimi nilijua tangu sehemu ya nne," alinong'ona, ingawa kipaza sauti kilimsikia vizuri sana. "Wagonjwa walinisimulia kabla sijamaliza kusikiliza. Mama, baba yangu simfuti, na wewe humfuti. Lakini miaka tisa umekula peke yako. Mimi nataka uwe na mtu wa kucheka naye."

Kwa miezi yote ile Stefania alikuwa amemwogopa binti huyu kuliko mji mzima. Alimshika mkono.

Simu ya tatu ilikoroma kwa upepo. Mtu alipumua, akakohoa.

"Karibu msikilizaji, uko hewani," alisema Jastin. "Jina lako?"

"Alphonce. Niko shambani. Nilikuwa nasikiliza huku nalima."

Watu wanasema wakati huo hata bodaboda zilizimwa pale stendi. Mimi sikuwepo, lakini naamini.

"Mama Monika," alisema, "jibu nimelisikia, na kukulazimisha siwezi. Nina swali moja tu, la kilimo. Matuta haya ni ya kusambazwa mwakani. Bado mstari mmoja. Niumalize, au niishie hapa?"

Stefania aliitazama karatasi yake. Hapakuwa na neno la kumfaa. Aliogopa bado. Lakini sasa alijua kitu alichokuwa anakiogopa: watu walewale waliokuwa wameshagawana kazi ya kupika.

"Umalize, Baba Loth," alisema. "Na kale kadogo ka mwisho usikapige. Nakuja."

Kelele zilizotoka madukani zilisikika mpaka ndani ya studio. Jastin alipiga wimbo bila kutangaza ni upi.

Mama na binti walipanda bajaji wakaenda shambani. Alphonce alikuwa kwenye tuta la mwisho kubwa, redio ndogo ameining'iniza kwenye uzio, na barabarani watu wamejipanga wakijifanya wanasubiri usafiri. Alimwona, akavua kofia.

"Karibu, Mwalimu."

"Nipe jembe."

Stefania alivua viatu vya kanisani, akakunja kitenge, akaingia kwenye udongo uliolowa. Alikatua nyasi vipande vipande, vingine vikubwa mno, vingine vikisambaratika njiani. Alphonce alifungua mdomo kumwelekeza, Monika akamkanyaga mguu, naye akafunga mdomo. Tuta lilipokamilika lilikuwa limelalia upande mmoja, kama lile sweta. Alphonce alilizunguka taratibu, akaanza kucheka, kile kicheko chake cha mahali pasipokusudiwa, na Stefania akacheka naye mbele ya barabara nzima. Kisha akachimba kishimo kwa kidole, naye Alphonce akamwekea mbegu ya boga kiganjani.

Ndoa ilifungwa baada ya Pasaka, na pombe ya Rozina ikaisha kabla ya jua kuzama. Ukipita barabara ile chini ya Mbizi hutahitaji kuuliza shamba ni la nani. Mistari kumi na miwili imenyooka, na mwisho wa kila mmoja kuna tuta dogo lililopigwa vizuri, isipokuwa la kumi na mbili. Hilo limepinda, na hata watoto wa shule wanajua ni mwandiko wa Mwalimu.