Nyusi za Masharti

Nyusi zangu niliziua kwa wembe. Nilianza kuzitinda nikiwa chuo cha ualimu, ambako kila msichana bwenini alikuwa na wembe wake na maoni yake juu ya uso wa mwenzake. Baada ya miaka kadhaa zikachoka kuota. Tangu hapo nikawa nazichora kwa wanja kila asubuhi kabla ya kwenda darasani, na hapo ndipo nilipojifunza kuichukia mvua ya Bukoba, ambayo hainyeshi kwa miadi. Naishi Rwamishenye, nafundisha Nshambya, na mara nyingi nilifika shuleni nikiwa na nyusi moja, ya pili imeshukia shavuni.

"Mwalimu, moja imehama," mwanafunzi wa nyuma angesema, na darasa zima lingeinama chini ya madawati kucheka. Nje ya darasa waliniita Mwalimu Yai. Walidhani sijui.

Kwa hiyo likizo ilipoanza nilikwenda saluni moja mjini, kwa dada aliyekuwa anasifiwa kwa kuchanja nyusi. Nilichagua likizo makusudi. Magamba yangebanduka nikiwa nyumbani, shule ingefunguliwa nikiwa mtu mpya.

Dada wa saluni alikuwa na kucha ndefu na haraka nyingi. Alinipima paji la uso kwa uzi, akachora, akafuta, akachora tena, akanipaka dawa ya ganzi, kisha akatoa kijembe chenye meno madogo kama kitana. Alikuwa anakata mstari mmoja mmoja mwembamba wa unywele, halafu anasugua rangi nyeusi juu ya vidonda. Ganzi haikushika vizuri upande wa kulia. Nilipomwambia, alisema, "Vumilia, mama, urembo si lelemama," na akaendelea kuongea na simu aliyoibana kwa bega.

Kwenye benchi alikaa mama mmoja wa Kiislamu aliyekuja kupakwa hina, mkono umekwisha, mwingine unasubiri. Alikuwa ananitazama tangu mwanzo.

"Sisi kutinda tumekatazwa," alisema. "Lakini wewe huna hata cha kutinda, kwa hiyo sijui wewe nikuambie umekatazwa nini."

Saluni nzima ilicheka. Mimi sikuweza, nilikuwa nimekatazwa kukunja uso.

Alipomaliza, fundi alinihesabia kwa vidole vya kucha ndefu. Usinawe uso mpaka magamba yaanguke yenyewe. Usikae kwenye moshi. Usitoke jasho. Jua likupige kwa mbali. Kahawa usiguse, inachemsha damu na rangi itakimbia. "Hayo ndiyo masharti yangu," alisema. "Ukiyavunja usirudi hapa kunililia."

Nilimwelewa vizuri. Kitu ambacho sikukisikia, mimi mwalimu wa Kiswahili, ni maneno yenyewe.

Mdogo wangu ameolewa Muleba, kwenye kibanja cha wakwe zake, migomba mbele na kahawa nyuma. Alikuwa amepoteza watoto wawili, mmoja tumboni, mmoja akiwa na wiki chache tu za kuzaliwa. Baada ya yule wa pili, mama mkwe wake alisema mbele ya waombolezaji kwamba ugonjwa huu hauko kwao, umekuja na mtu. Hakutaja jina, na hakuhitaji. Mama yetu alishafariki, baba pia, na upande wetu tumebaki wawili tu. Kama kulikuwa na mtu aliyekuja na ugonjwa, basi alikuwa mdogo wangu au alikuwa mimi.

Mimba ya tatu tuliibeba wote kimyakimya. Simu yake ilikuja nikiwa bado na magamba, mapema kuliko tulivyotarajia.

"Dada, njoo. Ni wa kike. Analia vizuri."

Sikufikiria nyusi. Nilinunua sukari, sabuni, nguo za mtoto na samaki wa kumtengenezea mzazi supu. Nilivaa miwani ya jua kwa sababu ya masharti, nikajifunga mtandio, nikapanda gari la Muleba.

Mama mkwe alikuwa ameketi barazani kwenye mkeka. Pembeni yake alikaa binti yake, wifi ya mdogo wangu, mwenye kope za kubandika ndefu kama ufagio. Wifi huyo alipokea mzigo wangu bila kunitazama.

"Karibu, mwalimu," alisema mama mkwe. "Mbona miwani, waitu? Unaumwa macho?"

"Hapana, mama. Jua."

Alitazama juu. Mbingu ilikuwa na mawingu tupu, ya kijivu, ya kufua nguo zisikauke.

"Jua gani?"

Nikavua miwani. Najua nilivyokuwa naonekana, nilikuwa nimejitazama kwenye kioo cha gari: mistari miwili ya magamba meusi juu ya macho, imevimba kando, kama nimepigwa na mtu anayejua kulenga. Mama mkwe alikivuta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani yake na kukaushwa, akanisogezea. Kwetu mgeni haambiwi neno la maana kabla hajatia punje mdomoni.

"Chukua."

"Nisamehe, mama. Kahawa nimekatazwa."

"Na daktari?"

"Na fundi."

Hapo ndipo nilipoyasikia maneno. Nilikuwa nimeshayasema.

"Fundi," alirudia taratibu. "Fundi aliyekukata hapo."

"Aliyenichanja nyusi, mama. Ni urembo."

"Amekuchanja."

"Ndiyo."

"Akapaka dawa nyeusi."

"Rangi."

"Nyeusi."

"Nyeusi, ndiyo."

"Akakupa masharti. Usile hiki, usiguse kile."

Nilikuwa naulizwa maswali mafupi na kuyajibu kwa kweli, na kila jibu lilinisukuma hatua nyuma kutoka kwenye mlango wa kwenda kwa mtoto. Nikisema ndiyo, nimekiri. Nikisema hapana, nina uso unaonisuta.

"Umechanjwa chale usoni," alisema mama mkwe, "umetiwa dawa, umefungwa masharti, halafu ukanyanyuka kuja moja kwa moja kwa mtoto mchanga. Omufumu wa wapi huyo? Siku hizi waganga wanafanyia saluni?"

Nilimgeukia wifi. Yule alijua. Mwezi mmoja kabla alikuwa amenipigia simu kuniuliza saluni gani Bukoba wanachanja nyusi vizuri.

"Wewe unajua hii ni nini," nilimwambia. "Mwambie mama."

Alipepesa zile kope zake. "Mimi? Mimi mtu wa shamba, dada. Mambo ya mjini nitayajulia wapi?"

"Ulinipigia simu."

"Nilikusalimia."

Nimekutana na watu wengi walioniudhi maishani, wengine nimewafundisha. Yule bado ndiye wa kwanza. Alikuwa anafurahi, na alikuwa hafichi. Kahawa ilikuwa kwenye kikapu, ananitazama, anatafuna.

"Mama," nilisema, "nimekuja kumwona mdogo wangu. Mama yetu hayupo. Mtoto hajapokelewa na mtu wa upande wetu."

"Upande wenu umeshapokea wawili," alijibu.

Kuna maneno ambayo mtu huyaandaa muda mrefu akisubiri siku ya kuyatumia. Lile lilikuwa limeandaliwa. Nilitaka kumjibu, na nilikuwa na jibu, tena chafu. Lakini nililiona jambo lenyewe likiwa limekaa pale barazani pamoja nasi. Mimi ningeweza kutukana, kupanda gari na kurudi Rwamishenye. Mdogo wangu angebaki ndani ya nyumba hii na mtoto, akiwa ndugu wa mwanamke aliyekuja na chale. Mtoto akikohoa, ni mimi. Akikataa ziwa, ni mimi, na mimi ni yeye.

Sauti ya mdogo wangu ilitoka nyuma ya pazia la chumba. Alikuwa amesikia yote.

"Dada. Nawa tu."

Sijawahi kumuuliza kama alisema vile kwa hekima au kwa woga. Siku ile nilidhani najua. Sasa sina hakika, na sitaki kuambiwa.

"Nileteeni maji," nilisema.

Mama mkwe aliyaleta mwenyewe, beseni na kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia kaniki. Nikainama uani. Maji yalikuwa ya baridi na sabuni iliuma kwenye vidonda kuliko kijembe chenyewe.

"Sugua," alisema juu ya kichwa changu.

Nikasugua. Magamba yakalainika, yakaanza kutoka, vipande vyeusi vikaelea kwenye povu. Alivihesabu kwa macho kama mtu anayechambua maharage.

"Na hapo. Bado hapo. Sugua, mwalimu, wewe si umesoma?"

Wifi alicheka. Nilisugua mpaka nikaona wekundu kwenye maji. Nilipomaliza nikanyanyua beseni, nikageuka kumwaga kwenye shina la mgomba uliokuwa karibu, kama ninavyofanya nyumbani, kama mtu yeyote wa huku anavyofanya, maana hakuna maji ya kunawia yanayopotea kwenye kibanja.

"Si hapo!" Alipiga ukelele wa kweli, sauti haikuwa ya dharau tena. "Usiyatie kwenye migomba! Tutakula hiyo!"

Alinipokonya beseni mkononi, akalibeba mbele yake kwa mikono iliyonyooka, kama amebeba nyoka, akapita choo, akapita boma la mbuzi, mpaka kwenye njia ya watu wote. Huko ndiko alikomwaga. Nilipoiona mikono yake nikajua kwamba anaogopa kabisa. Mpaka dakika ile nilikuwa nimedhani ni chuki tu. Haikunifanya nimpende. Ilifanya nimchukie kwa uangalifu zaidi.

Aliporudi alinisogezea tena kikapu. Nikachukua kahawa, nikatia mdomoni, nikatafuna huku maji ya sabuni yananitiririka shingoni. Ilikuwa chungu na ya kawaida.

"Haya," alisema. "Ingia."

Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu. Hakusema pole. Alinipa mtoto tu, kwa haraka, kama anahofia kuna atakayebadili mawazo. Nilimshika kwa niaba ya mama yetu, ambaye angemtemea mate kidogo kwenye paji na kumwita kwa majina ya utani ya wazee wake. Mimi sikutema. Nilijua pazia lina macho. Nilimsogeza tu karibu nikamnusa. Alikuwa ananuka maziwa na moshi wa kuni.

Shule ilipofunguliwa, nyusi ya kushoto ilikuwa imeshika nusu. Ya kulia ilikuwa na pengo katikati, kama njia ya mbuzi kwenye nyasi. Nilikwenda saluni. Dada wa kucha ndefu alinigeuza uso kwenye mwanga, akaniachia kidevu.

"Ulinawa."

"Nililazimika."

"Ulivunja masharti."

"Kulikuwa na mtoto mchanga."

"Mtoto ndiye aliyekuambia unawe?" Alishakwisha kugeukia mteja mwingine. "Wote mnasema hivyo. Fundi anafanya kazi, mtu anavunja masharti, halafu lawama kwa fundi."

Nilitoka nje. Sauti ilikuwa ileile ya barazani, na aliyeitoa hajawahi kufika Muleba.

Mtoto alipata homa kabla ya kubatizwa. Mdogo wangu alinipigia simu usiku, si kwa sababu ya homa, homa tumezizoea, bali kwa kuogopa kitakachosemwa. Asubuhi alipiga tena. Mama mkwe alikuwa amemgusa mtoto shingoni, akasema ni malaria, akamtuma mwanawe atafute pikipiki wampeleke hospitali. Basi. Hakutaja mtu. Hakutaja upande wowote.

"Umesikia, dada?" mdogo wangu alisema. "Malaria."

Nilisikia. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikajipapasa lile pengo kwa kidole.

Siku ya ubatizo nilikwenda na wanja wangu wa zamani, nimeziba pengo vizuri. Mama mkwe alitusalimia wageni mmoja mmoja akiwa na kikapu. Alipofika kwangu alisimama, akainama kidogo, akanitazama juu ya macho kama mtu anayekagua ukuta uliopakwa chokaa. Wanja haukumdanganya. Upande wa kulia aliridhika nao. Akahamia wa kushoto, ule uliokuwa umeshika.

"Bado huu," alisema.

Nikachukua kahawa kutoka kwenye kikapu chake, nikaanza kutafuna, nikamtazama. Nilitafuna taratibu, bila kupepesa, mpaka akasogea kwa mgeni wa pili. Chumbani mtoto alikuwa analia vizuri.