Mbege Niliyoipika Kwenye Karatasi

Nilijiona fundi wa mbege. Tangu niolewe huku mlimani, kila sikukuu nimemsaidia mama mkwe kupika hiyo pombe ya ndizi: nikamenya, nikachochea uji wa ulezi, nikacheka na wanawake wa ukoo mpaka mbavu zikauma.

Siku moja, nyumbani kwangu Shirimatunda, nikaamua kuiandika inavyopikwa, nijielezee mwenyewe. Kwenye karatasi ndizi zilichemka vizuri, zikakaa, zikachacha. Nilipofika kwenye uji wa ulezi, kalamu ikasimama. Unachanganywa wa moto au uliopoa? Miaka yote hiyo, na sijui! Kwa hasira nikampigia simu mama mkwe.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mbona unahema?”

Nikamuuliza. Alicheka mpaka akakohoa. “Unapoa kwanza, mwanangu. Wa moto unaiharibu, haichachi. Wewe muda huo huwa unapiga umbea.”

Kweli tupu. Nikaandika upya, na kila mstari nikauliza kwa nini, nikapiga simu tena na tena, mpaka akaniomba nimwache akakamue ng'ombe.

Pasaka nikaipika peke yangu. Huku kwetu anayekaribisha wageni ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho yao, kuwaonyesha kuwa pombe ni salama. Zamani nilikuwa namsukumia mama mkwe kata ya kunywea. Safari hii niliishika kwa mikono miwili, nikanywa, nikaendelea kunywa, hadi mama mkwe akaninyang'anya.