Upepo Wenye Kamba

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni Kiboriloni, Moshi, nikichambua mashuka ya mitumba, upepo ukaingia bila hodi. Turubai la muuzaji liling'oka na miti yake, sketi zikaruka hadi kwa wauza nyanya, na mama mmoja akakimbiza gauni ambalo hata hakuwa amelilipia. Watu walicheka, wakapiga kelele, kila mtu akashika chake. Mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, nilikaa juu ya gunia nikatulia tuli. Ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa nasubiri hadithi ianze.

Usinicheke, ndivyo nilivyolelewa. Nimekulia Kilema, juu mlimani, kwa bibi mzaa mama. Bibi alikuwa mtu wa heshima zake, kiongozi wa akina mama wa jumuiya, mtembea polepole, asiyecheka ovyo mbele za watu. Ila alikuwa na kipaji alichokionea aibu. Akisimulia hadithi alibadilika kabisa: alibweka, alikoroma, akawa kikongwe, mara akawa chui. Hakutaka jirani yeyote asikie mambo hayo, kwa hiyo alijiwekea sharti la kusimulia siku ya upepo tu. "Upepo unafunika," alituambia. Migomba ikianza kupigana kihambani, kwenye shamba linaloizunguka nyumba, aliacha kila kitu, akafunga mlango wa jiko na kuanza. Upepo ukitulia, naye alinyamaza hapo hapo, hata katikati ya neno, akarudi kumenya ndizi za mtori.

Na upepo wa kule kwetu haukuwa na mchezo. Mwezi wa tatu, kabla masika hayajakaa sawa, ulishuka kutoka msituni na baridi yake, ukalaza migomba ya watu mchana mmoja. Uliweza kung'oa bati la banda la nguruwe la huyu ukaliweka juu ya mikahawa ya yule. Watu wazima waliuogopa. Mimi na dada yangu tuliuombea kila siku, kimya kimya, katikati ya rozari.

Hadithi iliyotutia wazimu ilikuwa ya mwanamke aliyenyang'anywa kanga na upepo wakati anakata majani ya ng'ombe. Kanga yenyewe ndiyo hiyo moja. Mwanamke akasema haiwezekani, akapanda mlima akiwa na gagulo tu, kwenda kuidai kwa Upepo mwenyewe, nyumbani kwake. Kila upepo ulipovuma, mwanamke alipanda kidogo. Ilimchukua miaka mitatu kufika mlangoni kwa Upepo. Akainua mkono abishe. Na hapo, bila huruma, nje kukawa shwari.

Shwari hiyo ilikaa wiki tatu. Hakuna hata jani lililotikisika. Nilikosa raha, chakula hakipiti. Shuleni mwalimu aliniuliza saba mara nane ni ngapi, nikamjibu, "Hajabisha bado." Darasa zima lilicheka, mimi nikapigishwa magoti.

Dada ndiye aliyepata wazo. Bibi alikuwa ameanza kupungukiwa macho, na jiko lilijaa moshi, hivyo upepo aliutambua kwa sauti moja. Mgomba wa jirani, ulioota karibu na masale tuliyopanda kuwa mpaka, uliinamia upande wetu, na majani yake yalikwaruza bati la jiko kila upepo ulipovuma. Dada alifunga kamba ya ng'ombe kwenye shina la mgomba ule. Tulikubaliana avute yeye kwanza, mimi nisikilize kwa niaba ya wote wawili, kisha tubadilishane.

Bati likakwaruzwa. Bibi akainua kichwa. "Haya, umekuja," alisema, akafunga mlango. Hadi leo sijui kama alidanganyika kweli au na yeye alikuwa amechoka kusubiri. Mwanamke akabisha. Kutoka ndani Upepo akauliza kwa sauti nzito iliyonifanya nishike kigoda, "Nani huyo?" Dada huko nje, akisikia vipande tu, alivuta kamba kwa uchungu wote wa mtu anayepitwa na jambo. Tukasikia puu! Mti ulioegemeza mgomba ulikuwa umeteleza, na mgomba umelala chini na mkungu wake.

Jirani alifika kabla hatujajua tukimbilie wapi. Alikuwa mzee mfupi, mkali, mwenye ndizi alizozijua moja moja. Bibi alimwita Meku, yaani mzee, kwa heshima.

"Shikamoo babu," tuliimba kwa pamoja. Alitupita moja kwa moja hadi kwa bibi.

"Mama," alimwambia bibi, "mkungu ule nilikuwa nimewawekea wakwe zangu. Wanakuja Jumapili."

"Pole, Meku. Ni upepo huo."

"Upepo?" Akainua kamba yetu juu tuione vizuri. "Upepo gani huu unachagua mgomba mmoja, halafu unasahau kamba?"

Bibi aliitazama kamba, akatutazama sisi. Fimbo nilishaiona mgongoni. Lakini bibi hakuwa amezoea kushindwa mbele ya jirani, akajinyoosha. "Upepo umevuma, Meku. Nilikuwa nawasimulia watoto, na mimi sijawahi kusimulia bila upepo."

"Kusimulia nimekusikia," alisema jirani. "Tena leo ndiyo nimesikia vizuri. Siku zote napata nusu nusu, upepo unanivuruga." Akashusha sauti. "Alipoulizwa 'nani huyo,' yule mwanamke alijibuje?"

Bibi alijiziba mdomo kwa pindo la kanga. Miaka mitatu! Nikaelewa kwa nini kila siku ya upepo jirani yetu alikuwa akikata majani kwenye masale ya upande wetu, kana kwamba kihamba kizima hakikuwa na majani mengine.

Bibi alitoka, akachuma jani la sale, akampa kwa mikono miwili. Kwetu ukipewa sale umeombwa msamaha, na huwezi kukataa. Jirani akalipokea. Kisha bibi akatugeukia, akatuamuru tukate mkungu wetu mkubwa kuliko yote na kuufikisha kwa jirani saa hiyo hiyo. Tuliubeba tukipumzika kila hatua kumi. Mke wa jirani alisema tuuweke nyuma ya nyumba, halafu akaona hapana, tuupeleke stoo, halafu akataka kujua bibi anaendeleaje na mguu.

Tuliporudi mbio tulisikia kicheko kutoka jikoni kwetu. Jirani alikuwa ameshika ukuta, machozi yakimtoka, akisema, "Kumbe! Kumbe!" Bibi alituona, akafunga mdomo.

"Imeisha," alisema.

Tulilia, tukabembeleza, tukaahidi kuchota maji mwaka mzima. "Mwisho wenu ndio mliolipia zile ndizi," alitujibu. Fimbo ingetuuma siku mbili tu. Bibi aliendelea kutusimulia mengine kila upepo ulipokuja, lakini hadithi ile hakuigusa tena mpaka alipofariki. Nilimpenda sana bibi yangu, na siku ya maziko, huku nikilia, bado nilikuwa nimemkasirikia.

Basi Jumamosi ile niliacha mashuka sokoni, nikapanda gari hadi Kilema. Masale yameng'olewa, pamejengwa ukuta wa matofali. Mikahawa hakuna. Madirisha ya siku hizi yanafungwa kwa vioo, upepo unapita nje na hakuna anayejua. Jirani yupo, mzee sana sasa, masikio yamepungua. Nilimwamkia, nikakaa karibu yake, nikamwuliza kwa sauti ya juu mwanamke yule aliishiaje.

"Alimkuta Upepo ameivaa ile kanga," alisema. "Akamwangalia. Akamwambia, imekupendeza, baki nayo. Akashuka."

"Halafu?"

"Basi."

"Lakini babu, siku ile ulicheka mpaka ukashika ukuta!"

"Ilikuwa ni vile alivyoisema," alijibu. Akajaribu kunionyesha Upepo alivyojizungusha na kanga, akatoa sauti nyembamba, akakohoa, akaacha. Aliniambia amewasimulia wajukuu zake mara nyingi na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Nilirudi Moshi na mwisho niliousubiri miaka yote hiyo, neno kwa neno. Nimeshawasimulia wanangu, na wao wameuliza, "Halafu?" Ninachotaka ni bibi anikatize katikati, aniambie, "Hapana, mjukuu wangu, si hivyo. Hebu nipishe."